Taa za Daraja la Gharika

Nchi ya Lindimani msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Na akitokea mtu akadai anaifahamu, kwamba hata shemeji yake ameajiriwa huko, mwacheni aseme, mdomo haulipiwi ushuru. Ni nchi ya mvua. Hunyesha miezi tisa, na katika ile mitatu inayobaki watu huanua nguo walizoanika mwaka uliopita. Mji wake mkuu ulijengwa bondeni ili Serikali, ambayo inakaa mlimani, iweze kuutazama bila kunyanyua shingo.

Nchi ya namna hiyo ina haja ya taa isiyoingia maji. Hilo hata mtoto mchanga wa Lindimani analijua, na baada ya miaka Serikali nayo ikalijua. Ikaagiza taa ndogo za kufunga kichwani, zile zenye mkanda wa lastiki na mwanga mweupe unaoumiza macho, na kila kisanduku kikaandikwa kwa herufi nyekundu: HAIINGII MAJI. Chini yake, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani kuzisoma, kukaandikwa: Epuka kuitia majini.

Ili wananchi wasije wakadanganywa, ikaundwa Idara ya Kuthibitisha Taa Zisizoingia Maji. Idara ilikuwa na mkurugenzi mmoja, wakurugenzi wasaidizi wanne, afisa itifaki, madereva wawili, na mpimaji mmoja. Mpimaji huyo ndiye Bi. Sikudhani Pazi, na habari hizi ni zake.

Bi. Sikudhani alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na mwaka mmoja tu wa kufika kustaafu. Chumba chake kilikuwa na meza, kiti, saa ya ukutani, taulo na ndoo. Ndoo ilikuwa ya bati, na ndani yake, shubiri moja chini ya ukingo, kulikuwa na mstari wa buluu uliochorwa kwa rangi ya mafuta. Mstari huo ndio yalikuwa maji.

Mwanzoni ndoo ilikuwa na maji ya kweli, tusiwasingizie. Lakini kanuni ilitaka maji ya kupimia yathibitishwe na Wizara ya Maji, na Wizara ya Maji ikajibu kwamba yenyewe inashughulika na maji ya kunywa, ya kumwagilia, na ya kunawisha wageni wa Taifa. Maji ya ndoo hayamo katika muundo wake. Barua zikaenda na kurudi miaka miwili. Maji yaliyomo yakapungua kidogo kidogo, kama ilivyo desturi ya kitu kisicho na mtetezi, hadi yakakauka kabisa. Walipokuja wakaguzi wakaikuta ndoo kavu, wakashauriana nje ya mlango, wakaandika kwamba kasoro ni ndogo, kwa kuwa mahali maji yanapotakiwa kufika panajulikana. Akaitwa mchoraji akachora mstari.

Tangu hapo kazi ilikwenda vizuri sana. Bi. Sikudhani aliwasha taa, akaishusha ndani ya ndoo mpaka ikavuka mstari, akaishikilia dakika thelathini huku anaitazama saa, akaitoa, akaifuta kwa taulo kama kanuni inavyosema, kisha akaandika: Haikuingia maji. Hakuandika uongo hata siku moja. Habari ya kufuta taa kavu ilimsumbua miezi ya mwanzo, halafu mkono ukazoea, na yeye akaufuata mkono. Taulo lilikuwa likifuliwa kila Ijumaa.

Taa nazo zilikuwa na madaraja kama watumishi wengine wa umma. Kulikuwa na Daraja la Tone, Daraja la Manyunyu, Daraja la Mvua, na juu kabisa Daraja la Gharika. Taa ilianzia chini, ikapanda kwa miaka ya utumishi na mwenendo mwema. Hizi za kufunga kichwani za shehena ya mwisho zilikuwa elfu arobaini, zimelala ghalani miaka mitatu bila kulalamikiwa na mtu yeyote, kwa sababu zilikuwa hazijagawiwa kwa mtu yeyote. Kwa utulivu huo zikapendekezwa zipandishwe moja kwa moja hadi Gharika, kwa heshima ya sikukuu ya Taifa.

*

Sita kati yake zilitolewa mapema kwa majaribio, wakapewa wazibua mtaro.

Chini ya mji mkuu wa Lindimani unapita Mtaro Mkuu, kilomita mbili, wenye kona saba na kimo cha mtu aliyeinama. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa wanaume sita huingia na majembe na kulabu kutoa matope, mizizi, matairi, na mwaka mmoja kochi zima la kukaa watu watatu. Usipozibuliwa, maji hukosa njia na kupanda majumbani. Huko ndani hata saa sita mchana ni giza tupu. Msimamizi wa hao sita alikuwa Kibwana, kitindamimba wa kina Pazi, ambaye mama yao alipofariki alimwacha hajaota meno, na Bi. Sikudhani ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akatembea.

Jumatano moja asubuhi Kibwana aliingia ofisini kwa dada yake akiwa amelowa hadi kiunoni, mkononi ana mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unanichafulia sakafu?"

"Sakafu itakauka. Tazama hii."

Akaitoa taa mfukoni, akaibinua juu ya meza. Yakatoka maji, na nyuma ya maji akatoka kiluwiluwi, mzima, anachezesha mkia.

"Zote sita, dada. Jana. Tuko kona ya tatu, maji ya magoti, ya kwanza ikapepesa ikazima. Nikasema chaji hiyo. Ya pili ikazima. Kabla sijamaliza kusema, zimekwisha zote. Tumetoka tumeshikana mashati kama watoto wa chekechea. Mlekwa aliteleza, na lau nisingemdaka mkanda, saa hizi ungenikuta msibani."

"Labda mlizitumia vibaya."

"Tulizivaa kichwani."

Bi. Sikudhani akachukua taulo, akafuta meza. Kiluwiluwi akamtia ndani ya kikombe cha chai kilichokuwa na maji kidogo, maana hakujua amfanye nini.

"Dada, wewe ndiye mpimaji. Mnazitia majini kweli?"

"Tunafuata utaratibu."

"Sijauliza utaratibu mimi."

Kibwana akaiona ndoo. Akainama, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa buluu, kidole kikatoka na vumbi. Alicheka, kisha akaona dada yake hacheki, akaacha.

"Tarehe kumi na tano tunaingia tena, safari hii mpaka kona ya saba," alisema. "Sheria inasema bila taa yenye cheti haturuhusiwi kuingia. Zikipata cheti, tunaingia tutake tusitake. Nimekueleza, dada. Mimi narudi kazini."

*

Mchana ule Bi. Sikudhani alifanya jambo ambalo idara yake ilikuwa imekwisha kulisahau. Aliitia ndoo maji.

Maji hayakuwa mbali. Paa la idara lilivuja, na ukumbini kulikuwa na sufuria saba za kukinga matone, kila moja ina namba ya Idara ya Majengo. Alimimina nne kati yake, maji yakapanda hadi kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba mstari ule ukapata kazi ya kufanya. Kisha akachukua taa kumi na mbili za sampuli, akaziwasha, akaziacha zipate joto kama zinavyopata kichwani mwa mtu, akaanza kuzishusha moja moja.

Ya kwanza ilitoa viputo. Mwanga ukageuka manjano, ukapepesa mara tatu, ukafa. Ya pili haikujisumbua kupepesa. Alizifungua kwa kisu cha matunda akaona kila kitu bila kuhitaji digrii. Ringi ya mpira inayotakiwa kuziba kifuniko ilikuwa nyembamba kama tambi na imekauka, mahali pengine imebanwa ikakatika. Kizibo cha tundu la kuchajia kililegea kama jino la mtoto wa miaka sita. Na taa yenyewe ikishapata moto kisha ikaingia maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inayavuta maji kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Taa kumi na moja zilikufa. Ya kumi na mbili haikuzima, kwa kuwa haikuwahi kuwaka.

Bi. Sikudhani alikaa kitini akaona aibu. Haikuwa ile aibu ya ofisini ya kukosea tarehe kwenye barua. Alijaribu kuhesabu ni taa ngapi alizokwisha kuzifuta kavu katika maisha yake, akashindwa, na akaona heri ameshindwa. Akaandika taarifa ya ukurasa mmoja, akaipeleka juu.

*

Siku ya pili aliitwa kwenye kikao. Mkurugenzi, Daktari Mhandisi Kihongole, alikuwa mtu mnene wa maneno. Hakuwahi kusema jambo mara moja kama angeweza kulisema mara tatu. Kulia kwake walikaa wasaidizi wawili, kushoto wawili, na katikati ya meza kulikuwa na sahani ya sambusa.

"Bi. Sikudhani, taarifa yako tumeisoma, tumeipitia na tumeisoma tena," alisema. "Imetugusa. Swali langu ni dogo. Maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye sufuria za ukumbini."

Wasaidizi wakaguna.

"Sufuria za Idara ya Majengo?"

"Ndizo hizo."

"Yana cheti?"

"Ni maji ya mvua, Mkurugenzi."

"Mvua ya wapi?"

"Ya kwenye dari letu."

Mkurugenzi akaegemea kiti. "Andikeni. Maji yasiyo na cheti, yaliyopita kwenye dari ambalo kwa mujibu wa Idara ya Majengo halivuji, yametumika kuchafua jina la taa ya Serikali." Akasimama. Alipokuwa na jambo zito alipenda kulisema amesimama. "Ndugu zangu, tutafakari. Taa ilikuwa wapi? Ilikuwa imetulia ndani ya ganda lake. Ilitoka ikaenda kumwingilia mtu? Haikwenda. Nani aliyeondoka kwake akaingia nyumba ya mwenzake bila hodi? Ni maji! Halafu tunakuja hapa, watu wazima wenye vyeti vyetu, tunailaumu taa. Ningekuwa mimi ni taa, ningelia."

Wakapiga makofi. Afisa itifaki, ambaye alikuwa mlangoni, alifuta jicho.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Maji. Tume ilikuwa na watu tisa. Walitaka kwanza kuzuru nchi tatu za jangwani wakajifunze jinsi wenzetu walivyofanikiwa, lakini sikukuu ilikuwa karibu, kwa hiyo walizuru moja tu, na wakawasilisha matokeo siku ya nne. Walithibitisha kwamba maji yaliingia kwa nguvu, kwamba yana historia ndefu ya tabia hiyo, na kwamba kinachohitajika ni elimu kwa mtumiaji. Ukatolewa waraka. Mtumiaji ahakikishe mahali anapokwenda ni pakavu. Ikiwa si pakavu, aizime taa, aifunge ndani ya mfuko wa nailoni, aitie mfukoni, na asiiwashe hadi atakapofika pakavu. Taa iliyoingia maji irudishwe idarani ikiwa kavu. Ila dhamana ya taa hukoma mara tu maji yanapoingia.

Bi. Sikudhani aliusoma waraka mara tatu mbele ya meza ya Mkurugenzi.

"Kwa hiyo wazibua mtaro wakifika kwenye maji, wazime?"

"Kwa usalama wa taa."

"Na wao wenyewe?"

"Watu hawamo katika mamlaka ya idara hii," alisema Mkurugenzi, na kwa kweli alisema kwa masikitiko, kama mtu ambaye angependa wawemo. Akamsogezea karatasi yenye nembo ya Taifa. Ilikuwa hati ya kuzipandisha taa elfu arobaini hadi Daraja la Gharika. Chini yake kulikuwa na nafasi ya saini ya mpimaji.

"Sitasaini."

"Kwa sababu gani?"

"Nimechoka."

Mkurugenzi alifungua kitabu cha kanuni, akatafuta, hakuona kifungu cha kuchoka. Akakifunga. "Mama, umebakiza mwaka mmoja. Si uumalize umekaa?"

"Mdogo wangu yumo humo mtaroni. Yeye na wenzake watano. Nikisaini hii wanaingia, na zikiwazimikia kona ya saba hakuna atakayewatoa. Nilimbeba mgongoni yule. Siwezi."

Uso wa Mkurugenzi ukachangamka kama wa mtu aliyepata funguo zake. "Ungesema mapema! Huo ni mgongano wa maslahi. Mpimaji hawezi kupima kitu kitakachotumiwa na ndugu yake, atakuwa na sababu ya kutaka kiwe kizuri. Kifungu cha nane." Akaandika mistari miwili. Mstari wa kwanza ulimwondoa Bi. Sikudhani kazini tangu saa hiyo. Wa pili hakuonyeshwa.

*

Mstari wa pili aliujua Jumamosi asubuhi, uliposimama mlangoni kwake umevaa shati jipya na viatu vya ngozi. Kibwana alikuwa amebeba kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umependeza."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikunywa kwanza nusu ya chai.

"Wamenipa kazi yako. Wanasema nina uzoefu wa maji. Na kwa kuwa sipo tena mtaroni, mgongano haupo."

"Nilihisi."

"Dada, nina watoto wanne. Miaka kumi na moja magoti yangu hayajawahi kukauka. Ukiyaona yalivyo, yana ukungu kama mkate." Akaweka kikombe chini. "Nilisema nikatae. Nililala nikasema asubuhi naenda kukataa. Nikaona viatu hivi vimewekwa mlangoni, vikavu, nikavivaa."

"Umeshasaini?"

"Jana."

"Ulizipima?"

"Nilipima za sampuli. Dakika thelathini, kila moja." Akatazama chini. "Nikazifuta."

"Na Mlekwa na wenzake?"

"Wamepewa waraka."

Bi. Sikudhani hakumkaripia. Angemkaripia kwa mdomo upi? Kila alichokifanya Kibwana kwa siku moja, yeye alikuwa amekifanya kwa miaka kumi na saba, na hiyo sukari ya siku zote aliyomlea nayo ilitoka humohumo. Alimwongeza chai. Alifurahi kwamba mdogo wake hataingia mtaroni, alifurahi sana, na furaha hiyo ilimkaa vibaya, maana wale watano nao walikuwa na dada zao.

*

Tarehe kumi na tano mdomoni pa Mtaro Mkuu palipigwa hema. Palikuwa na bendi ya polisi, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na Mheshimiwa Waziri wa Mwanga na Masuala Yahusuyo Giza. Kulikuwa na manyunyu. Waziri alishikiwa mwavuli. Taa tano za wazibua mtaro zilikuwa juu ya meza, nazo zimeshikiwa mwavuli wa kwao, mkubwa zaidi. Wazibua mtaro wenyewe walisimama nyuma ya hema, kwenye manyunyu, wamevaa mabuti.

Waziri alizikabidhi mbele ya wapiga picha, kisha akaanza hotuba, nao wakarudi nyuma ya hema na taa zao. Huko wakamkuta Bi. Sikudhani ameketi juu ya ndoo ya matope iliyofudikizwa, miguuni ana kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kopo la mafuta ya mgando, mkasi, na mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kutobokatoboka.

"Mama, wewe si umefukuzwa?" aliuliza Mlekwa, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Nimefukuzwa ofisini. Hapa bado. Leteni hizo."

Aliifungua ya kwanza, akaitoa ile ringi, akaifuta, akaipaka mafuta mpaka ikang'aa, akairudisha bila kuikunja. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli kama bangili pana, akakivisha juu ya tundu la kuchajia, kikabana. Akaipitishia mafuta na kando ya swichi. Halafu ya pili. Mikono yake, ambayo miaka yote ilijua kufuta tu, ilimshangaza mwenyewe.

"Nisikilizeni," aliwaambia. "Msiwashe mwanga mkubwa, unaichemsha. Washeni ule mdogo, na muwashe mkishaingia kwenye ubaridi. Ikitumbukia, usiisugue, iinue tu. Na ule waraka mliopewa..."

"Tumefungia sambusa," alisema Mlekwa.

Huko mbele Waziri alikuwa akiendelea. "Giza, ndugu wananchi, ni ukosefu wa mwanga! Na ukosefu wa mwanga ndio hasa giza! Serikali yenu imelitafiti jambo hili..." Hotuba ilikwenda saa moja na nusu, kwa hiyo Bi. Sikudhani alipata nafasi ya kuzirudia taa zote mara ya pili. Ni hotuba pekee ya Serikali ya Lindimani inayojulikana kuwa iliwahi kuokoa maisha ya mtu.

Waliingia saa saba mchana. Wakubwa wakahamia kwenye pilau. Bi. Sikudhani alibaki pale mdomoni pa mtaro anatazama weusi ulivyowameza mmoja mmoja, na masikio yake yakabaki yanafuata sauti za majembe mpaka nazo zikaisha. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Aliomba, kisha akasahau alikuwa ameomba nini, akaanza tena. Alikuwa hajui hata majina yao wote, naye alikuwa anawalilia kama wanawe.

Saa kumi na robo aliona nukta nyeupe huko ndani, ndogo kama punje ya mchele. Akadhani ni macho yake. Ikawa mbili. Kisha tatu na nne zikaja pamoja, na ya tano ilikawia sana kwa kuwa mwenyewe alikuwa anavuta tairi. Walitoka weusi tii kwa tope, kila mmoja na mwanga wake kwenye paji la uso.

"Zote, mama," alisema Mlekwa. "Mpaka kona ya saba. Mimi nilitumbukia mzima mzima, kichwa na taa, nikaibuka inawaka."

Bi. Sikudhani alijifunika uso na kanga akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Hakuna aliyemwona. Waziri alikuwa ameziona taa, ameacha kijiko kwenye pilau, anakimbilia kipaza sauti. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Wako wapi wale waliosema?" Bendi ikapiga wimbo wa Taifa, na wale watano wakasimama wima, tope linawadondoka.

*

Baada ya siku nne Kibwana alikuja tena kwa dada yake, safari hii na gazeti. Mvua kubwa ilikuwa imekwisha kuanza, na maji yalikuwa yanapita mtaroni bila kumgusa mtu. Uso wake ulikuwa umenawiri.

"Dada, zimefaulu! Umeona picha? Mimi nilikuwa silali. Kila nikifumba macho namwona Mlekwa. Sasa nalala kama mtoto." Akalikunjua gazeti juu ya mkeka. "Na si hizo tu. Kwa matokeo hayo Serikali imeamua zisikae tena ghalani, zote zigawiwe. Wakunga wa visiwani, wavushaji wa mto, walinzi wa madaraja. Magari yameanza kuondoka tangu juzi."

Bi. Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Zote?"

"Elfu arobaini kasoro chache. Nimezisaini mwenyewe."

"Kibwana, zile tano nilizipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya mgando. Nikazivisha mpira wa baiskeli. Nyuma ya hema, Waziri anahutubia. Ndiyo maana ziliwaka. Hizo ulizozituma ni zilezile zilizowazimikieni kona ya tatu."

Kibwana alilikunja gazeti. Mara akasema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Kufungua taa yenye cheti ni kosa. Dhamana yake imekoma." Akajisikia alivyosema. Akaziba mdomo kwa kiganja, macho yakamjaa machozi.

"Ni kosa," alikubali dada yake. "Na mpimaji ndiye anayetakiwa kunishtaki. Utanishtaki?"

Alitikisa kichwa. Wakunga wangefika visiwani wiki hiyo, wakafunga taa vipajini, wakapanda mitumbwi kwenye mvua kuwafuata wanawake wanaojifungua, wakiamini kilichoandikwa kwenye kisanduku. Na wangekuwa na kila sababu ya kuamini, kwa kuwa watu watano waliingia mtaroni wakatoka, picha zao ziko gazetini, wanang'aa.

"Gari la mwisho halijaondoka," alisema Kibwana hatimaye. "Linangoja dereva. Kesho mchana."

"Lina ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na zilizokwisha kwenda?"

Kibwana akaitazama picha gazetini. Bi. Sikudhani hakumuuliza tena. Aliweka sahani ya mchele kando, akamtuma akatafute mipira mibovu kwa mafundi wote wa baiskeli wa mtaa ule, akasimama, magoti yakalia, akaenda kuazima mkasi wa pili kwa jirani.